Zamu ya Dubu

“Uza zote!”

Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita, na nimelipia. Kinyozi wangu, ambaye huufungua ukurasa huu kabla hata ya habari za mpira, amenikalia kooni siku saba nzima, wembe mkononi, akitaka nimnong'oneze kilichofuata. Nilimwambia asubiri gazeti kama wenzake. Nashukuru Mungu nimetoka pale na masikio yote mawili.

Haya, tusikawie, maana na wao muda hawana.

Saa tatu na nusu asubuhi. Ofisi ya madalali wa hisa, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Mlangoni amesimama Shangazi, mkunga mstaafu, bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani, hati zake zote za hisa za kiwanda cha saruji zimo ndani. Nyuma yake ngazi imejaa wateja hadi chini, wapata arobaini, nao wote wamekuja kwa neno hilo hilo moja.

Nyuma ya kaunta amesimama binti wa kaka yake, mchambuzi wa hisa, anayeitwa na ofisi nzima Chekacheka kwa sababu hata akikanyagwa kidole hucheka kwanza. Leo hacheki.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Uza zote.”

Wewe uliyeingia leo, sogea nikupe kwa pumzi moja. Ofisi hii ina desturi ambayo huipati kwa madalali wengine. Kila asubuhi mfanyakazi mmoja hushika zamu ya dubu. Huwekewa mezani dubu mdogo wa sufi, jicho moja limeng'oka, na kutwa nzima kazi yake ni kuwapinga wenzake. Wao wakisema bei itapanda, yeye aseme itashuka. Huandika ukurasa mmoja wa sababu, ukasomwa wakati wa chai, watu wakabishana mpaka vikombe vikapoa, kisha karatasi ikafungiwa kabatini. Sharti ni moja tu: dubu wa zamu haruhusiwi kusema uongo. Anachukua yaliyo kweli, ila anachagua yanayotisha.

Juzi zamu ilimwangukia Chekacheka. Akaandika juu ya saruji, ikasomwa wakati wa chai, kisha badala ya kuifungia kabatini akaiacha karatasi kwenye trei. Kwenye trei ile ile ilikuwepo barua ya kila mwezi ya wateja. Akaja Haraka, karani wa barua, baba mzima mwenye wajukuu wawili, mtu ambaye tangu aajiriwe hajawahi kusoma anachokituma. Akachukua ya juu. Jana jioni karatasi ya dubu ikaingia kwenye simu za wateja mia mbili, na jina la Chekacheka chini yake.

“Ilikuwa juu, Bosi,” Haraka alikuwa akijitetea kwa mara ya sita asubuhi hiyo. “Mimi huchukua ya juu.”

“Na ukikuta mkia wa ng'ombe juu ya trei, utautuma?” aliuliza Bosi.

“Kama una anwani, Bosi.”

Bosi ni mama wa miaka sitini na ushei, miwani imening'inia kwenye kamba, na ofisi hii aliianzisha kwa mikono yake. Alimshika Chekacheka bega, akamwinamia sikioni.

“Sikiliza, mwanangu. Soko linafunguliwa saa nne. Kengele ikilia watu hawa wakauza kwa karatasi ambayo si maoni ya ofisi, msimamizi wa soko atauliza nani kaiandika. Jina ni lako. Leseni utaisahau.”

Miaka minne ya mitihani iko ndani ya leseni hiyo. Mtihani wa kwanza alianguka, wa pili aliufanya akiwa na homa, na siku aliyopewa cheti alikiweka kwenye fremu kabla hajaiweka picha ya mama yake mzazi. Mama mpaka leo analitaja jambo hilo.

“Nifanyeje, Bosi?”

“Waambie.”

Chekacheka akapanda juu ya katoni la karatasi.

“Jamani! Karatasi mliyopata jana si barua ya ofisi. Ni ya dubu.”

“Ya nani?” akauliza fundi saa mmoja, mzee mwembamba aliyesimama mbele kabisa, kioo chake cha kazi bado kimebana jichoni.

“Ya dubu, baba. Ni neno letu la sokoni. Mtu anayeona bei zitashuka tunamwita dubu. Anayeona zitapanda tunamwita fahali.”

“Dubu! Humu nani amewahi kumwona dubu?”

“Hata mimi sijamwona. Ila wanasema dubu akipigana hunyanyua mkono juu akashusha makucha. Fahali hupeleka pembe chini akarusha juu. Mmoja anashusha, mwingine anapandisha. Ndiyo hivyo tu.”

“Wangetuuliza sisi tungewapa fisi,” alisema fundi saa.

“Fisi hafai,” Shangazi alidakia. “Fisi hakwambii kitu kitaanguka. Anangoja kianguke, aje kula.”

Ngazi nzima ikacheka. Chekacheka naye akacheka, mara ya kwanza tangu aamke, na akaona roho yake inarudi mahali pake.

“Kwa hiyo dubu ni mtu wa mkosi?” sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ngazini. Alikuwa muuza viatu wa mtaa wa nyuma, na kiatu cha mguu mmoja alikuwa amekishika mkononi, sijui kwa nini.

“Hana mkosi, dada, wala hawaombei watu mabaya. Anasema anachokiona, basi. Wala si jina la kudumu. Naweza kuwa dubu wa saruji asubuhi, na mchana nikawa fahali wa hisa za benki, kwa kichwa hiki hiki. Soko lote likishuka miezi na miezi, watu wakakata tamaa hata ya kuuliza bei, hapo tunasema soko lenyewe ni la dubu. Hatujafika huko.”

“Na wewe, ni dubu?”

“Nilikuwa wa zamu tu. Juzi ilikuwa siku yangu. Leo dubu yuko kwa mhasibu, nendeni mkamwone.”

Mhasibu, kwenye meza ya kona, akamwinua dubu wa sufi akamtikisa mkono wake mdogo. Watu wakacheka tena. Wa nyuma wakaanza kushuka ngazi, mmoja mmoja, wakilaumu simu zao. Muuza viatu akavaa kiatu chake. Haraka akafuta jasho, akamwambia Bosi kwamba mwisho wa siku hakuna kilichoharibika.

Mngedhani yamekwisha, sivyo? Hata mimi ningependa. Lakini Shangazi hakusogea hata unyayo.

“Nimeisoma karatasi yako mara tatu,” alisema. “Ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimelala kabisa. Umeandika kiwanda kina matanuri mawili ya kuchomea saruji, na moja limezimwa tangu mwezi wa pili. Ni uongo?”

“Ni kweli, Shangazi. Imo kwenye taarifa yao wenyewe, ukurasa wa thelathini na moja, kwa herufi kama sisimizi.”

“Umeandika wakandarasi watatu wakubwa wamehamia saruji ya wengine. Uongo?”

“Kweli.”

“Na bei ya hisa inapanda tu.”

“Inapanda.”

Waliokuwa wakishuka wakasimama. Fundi saa akaligeuza jicho lake lenye kioo kwa Shangazi, kisha kwa Chekacheka.

“Sasa nijibu kama mtoto wangu, usinijibu kama ofisi,” Shangazi alisema. “Nimekaa miaka thelathini na wanawake wenye uchungu. Mtu akinidanganya kwamba bado, namjua kabla hajafunga mdomo. Zamu umemaliza, dubu umemrudisha. Wewe mwenyewe, unaamini nini?”

Bosi akakohoa. Kikohozi hicho kila mtu ofisini anakifahamu: maana yake, angalia ulimi wako.

Jibu la ofisi lilikuwa tayari mdomoni: saruji ni imara, msiwe na wasiwasi. Sekunde tatu tu, na leseni ingebaki ukutani. Lakini tangu juzi Chekacheka alikuwa anajaribu kuijibu karatasi yake mwenyewe, hoja moja baada ya nyingine, kama anavyofanya kila zamu yake ikiisha. Safari hii hakuweza. Na huyu anayemwuliza ndiye aliyemlipia mtihani wa pili, ule wa homa.

“Mimi ni dubu, Shangazi,” alisema. “Dubu wa kweli. Naona saruji itashuka.”

Lo! Ngazi ikapanda juu yote kwa mpigo mmoja. Arobaini wakarudi wakawa kama themanini. “Si nilisema!” “Zamu gani hizo, mnatuchezea!” “Uza za kwangu kwanza!” Fundi saa akabanwa kwenye kaunta mpaka kioo kikamtoka jichoni.

“Wewe,” Bosi alisema. “Ndani.”

Ndani maana yake ni kijichumba cha chai, ambamo watu wawili wakiingia, wa tatu ni birika. Bosi akafunga mlango.

“Tangu lini unaamini hivyo?”

“Tangu juzi, nilipomaliza kuandika.”

“Mbona wakati wa chai hukusema?”

“Mlicheka wote, Bosi. Nikacheka na mimi.” Machozi yakamlenga Chekacheka, akayafuta haraka kwa kiganja. “Mimi ndiye Chekacheka. Nikinuna watu wanauliza kama naumwa. Niliogopa kuonekana mkosi.”

Bosi akavua miwani. Chekacheka akajiandaa kusikia neno la mwisho la kazi yake, akaanza kuhesabu moyoni ni vitu gani vyake vilivyo kwenye droo: kikombe, kanga, viatu vya akiba.

“Unajua kwa nini niliweka yule dubu mezani?” Bosi aliuliza. “Mwaka ule soko lilipoporomoka, tulikuwa saba humu ndani. Wote saba tuliona linakuja. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja aliogopa kuambiwa ana mkosi. Wateja wetu waliumia, na mimi nililia kwenye kiti kile pale. Nikasema, basi, kila siku mtu mmoja apewe ruhusa ya kusema linalomtisha, asionekane mbaya. Miaka yote hii watu wanaandika, tunacheka, tunafungia kabatini. Leo ndiyo mara ya kwanza dubu wa zamu amekataa kurudi kabatini.”

“Kwa hiyo, leseni yangu?”

“Karatasi kutumwa kwa makosa, hilo ni kosa la ofisi, nitalibeba mimi. Maoni yenye sababu, yaliyotiwa sahihi, hayo si kosa la mtu. Kaandike upya. Weka yanayotisha, weka na yanayotia moyo, kila mtu achague mwenyewe. Nitatia sahihi yangu chini ya yako.”

Chekacheka akamkumbatia hadi birika likaanguka. Alicheka, jamani, alicheka mpaka kaunta ikamsikia.

Saa nne kasoro dakika kumi barua ilikuwa tayari. Bosi akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia tanuri lililozimwa mpaka faida ya mwaka jana. Haraka akaamriwa aisome yote kabla ya kuituma. Ilimchukua dakika tatu, midomo ikitembea, na alipomaliza akasema kumbe kazi yenu ni nzuri hivi. Akaituma.

Watu wakapanga foleni kwa adabu. Wengine wa kuuza, wengine wa kubaki.

“Mimi nabaki fahali,” fundi saa alitangaza. “Kwetu tulifuga ng'ombe. Siwezi kumfuata mnyama nisiyemjua.”

“Baki, baba,” Chekacheka alimjibu. “Dubu na fahali wakiondoka wote, nani atauza na nani atanunua?”

Hapo simu ya kaunta ikalia.

Haraka akaikimbilia. Badala ya kuinua mkono wa simu, akabonyeza kipaza sauti, na ofisi nzima ikajaa sauti ya mwanamume mwenye hasira.

“Mimi ni mkurugenzi wa kiwanda cha saruji! Yuko wapi huyo binti aliyeandika?”

“Ni mimi, Mkurugenzi. Habari za asubuhi.”

“Habari gani! Nimeshamwandikia msimamizi wa soko. Leseni yako leo ndiyo mwisho, umesikia? Utauza karanga!”

Chekacheka akaisogelea simu. “Mkurugenzi, kila nilichoandika kimo kwenye taarifa yenu. Nikuonyeshe ukurasa?”

“Usinidanganye! Taarifa gani ina habari ya tanuri la pili? Limezimwa juzi saa nane mchana, na tuliokuwepo ni watu wanne! Nani kati yao amekwambia?”

Wasomaji wangu, ulimi hauna mfupa. Muuza viatu alikuwa amefungua mdomo na hakukumbuka kuufunga.

“Mkurugenzi,” Chekacheka alisema polepole, “mimi nimeandika tanuri moja.”

Upande wa pili mtu alimeza mate, kila mmoja alisikia. Simu ikakatwa.

“Matanuri ni mawili,” alisema fundi saa, akihesabu kwa vidole. “La kwanza limezimwa. La pili limezimwa. Sasa saruji wanaipikia wapi?”

Vicheko, makofi, vigelegele. Mhasibu alimrusha dubu wa sufi juu akamdaka. Muuza viatu alimpa mkono Chekacheka, akampa tena. Kisha wote kwa pamoja wakairukia kaunta. “Uza! Uza zangu! Uza zote!” Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa fundi saa, fahali wetu wa dakika tano.

“HAUZI MTU!”

Ni Bosi. Alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, na uso wake haukuwa na hata chembe ya furaha.

“Nisikilizeni vizuri. Karatasi ya Chekacheka ilikuwa na mambo ambayo kila mtu angeweza kuyasoma. Hili la sasa ni siri ya kiwanda. Haijatangazwa. Mwenye kuuza kwa kutumia siri anamuuzia mtu asiyejua, huo ni wizi, na sheria ya soko haina mchezo. Tumeisikia kwenye simu ya ofisi hii, kwa jina la binti huyu. Akiuza hata mmoja wetu kabla kiwanda hakijatangaza, leseni yake imekwenda, na safari hii hakuna sahihi yangu itakayomwokoa.”

“Hata mimi niliyesikia kwa bahati mbaya?” fundi saa aliuliza.

“Hata wewe.”

Fundi saa akarudi nyuma ya mstari, kama mtoto aliyenyang'anywa sahani. Wengine nao wakarudi. Walinung'unika, lakini walirudi, na nitawapenda milele kwa hilo. Bosi akafunga mlango kwa funguo mara mbili.

“Haraka, mpigie msimamizi wa soko, mweleze yote, asimamishe hisa za saruji. Sisi tutakaa hapa tunywe chai. Birika limeanguka, lakini halijavunjika. Maadamu wote tumo humu ndani, hakuna kitu.”

“Wote tumo,” Chekacheka alisema, akicheka kwa ahueni. Akageuka kumtafuta mtu wa kumkumbatia. “Shangazi, umeona? Shangazi?”

“Yule mama wa bahasha?” fundi saa alisema. “Alikuwa hapa ubavuni mwangu. Mkurugenzi alipotaja tanuri la pili, akasema ‘Eeeh!’, akaniambia foleni ya hapa ni ndefu, akashuka.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika moja.

Chekacheka akaruka hadi dirishani, akalisukuma kwa viganja vyote viwili. Ng'ambo ya barabara kuna madalali wengine, mlango wa kijani, hawana foleni hata siku moja. Kwenye ngazi yao ya kwanza alikuwa Shangazi, bahasha ya kaki kifuani.

“Shangaziii! Usiingie! Usiuze!”

Gari la mizigo likapita katikati yao likipiga honi. Lilipokwisha kupita, Shangazi alikuwa amegeuka. Aliinua macho, akamwona binti wa kaka yake dirishani akipunga mikono yote miwili, na uso wake mzima ukajaa fahari. Naye akampungia.

“Nimekuona, mwanangu!” alipaza sauti. “Umesema kweli mbele ya watu wote! Nikimaliza hapa, nakuja kukupongeza!”

Akaingia. Mlango wa kijani ukafungwa nyuma yake, na kengele ya soko ikalia.